Kokoto Zisizokuwamo

Juni 6

Mvua imekwisha. Katibu wa chama cha wakulima amepita nyumba kwa nyumba kututangazia, kana kwamba mawingu yalikuwa yakingoja saini yake. Kuanzia leo vitunguu vya watu wote hapa vinaitegemea pampu, na pampu inamtegemea mke wa mwanangu.

Niyaandike sawasawa hapa mwanzoni, maana kichwa cha mzee ni kabati lisilofunga vizuri. Mashamba yetu yako kwenye uwanda ulio juu ya mto, na bomba moja linalisha mifereji yote. Pampu inakaa katika nyumba ya mawe tuliyoijenga juu kabisa ya ukingo, mahali ambapo mto hautafika hata ukasirike vipi. Siku tulipochagua mahali hapo hakuna aliyebishana. Sisi ni watu tuliohamishwa na maji. Mji wetu ulichukuliwa na mafuriko pamoja na shule zake, maduka yake, na kiwanda cha uchapaji nilichokifanyia kazi ya kusahihisha maandishi tangu ujana. Niliona kurasa nilizozisahihisha zikielea barabarani, kila nukta mahali pake. Mtu aliyeona hayo ukimuuliza pampu iwekwe wapi, atasema juu. Ukimuuliza tena, atasema juu zaidi.

Mwanangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Huonekana kama mwezi mwandamo, kidogo kisha akazama. Mkewe ndiye ninayeishi naye. Alisomea mitambo chuoni, na watu wanamwita Spana. Hufunga milango kwa kishindo, hupiga mluzi akiosha vyombo, na huacha alama za grisi kwenye vitabu vyangu. Mimi simwambii kitu. Namwambia kidogo tu.

Juni 9

Jua. Pampu inafanya kazi.

Juni 10

Jua.

Juni 16

Pampu imeanza tena sauti yake ya mwaka jana. Ni sauti ya mtu anayetikisa kokoto ndani ya debe. Asubuhi husikika kwa mbali, na alasiri hata kuku wanageuza shingo.

Mwaka jana ilitangulia sauti hiyo, impela ikafuata. Impela ni gurudumu la mapanga linalozunguka ndani ya pampu na kuyarusha maji. Likiliwa, pampu hubaki kelele tupu. Mwaka jana ziliharibika mbili, na vitunguu vikakauka vikiwa na ukubwa wa vifungo vya shati. Iliyomo sasa ni ya tatu, na chama hakina nyingine.

Juni 18

Mkutano ghalani. Mwenyekiti wetu ni mshona nguo, na huendesha kikao kama anavyokata kitambaa: akishapitisha mkasi, harudi nyuma.

"Spana, mwanangu," alisema, "impela hii ikiliwa kabla vitunguu havijakomaa, funguo za pampu zitarudi kwa katibu. Si chuki. Watu wana watoto wa kulisha."

"Nimeelewa, mama."

Katibu, aliyezishika funguo hizo kabla yake, alisimama na kurekebisha kola. "Adui yetu ni mchanga. Mchanga hauingii kwa nguvu, unaingia kwa nafasi. Tuzibe nafasi!" Mwaka jana, baada ya impela ya kwanza kufa, tulikifunga chandarua kichujio kilicho mwisho wa bomba, kule mtoni. Baada ya ya pili tukafunga kingine. Sasa alitaka cha tatu.

"Katibu," akasema Spana, "ukimfunga mtu pua kwa shuka tatu, umemkinga na vumbi. Atavutaje pumzi?"

"Pampu haina mapafu, binti."

"Ina mdomo."

"Kama wewe!" akadakia mtu wa nyuma, na ghala zima likaangua kicheko.

Ikapigwa kura. Mikono ikapanda, na wangu ukiwemo. Mchanga ni jambo ninaloweza kuliona, na katibu ana sauti ya kuaminika. Spana aliniona. Jioni milango ilifungwa kwa kishindo cha ziada.

Juni 20

Chandarua cha tatu kimefungwa. Debe la kokoto limekuwa madebe mawili.

Juni 24

Joto. Mto unashuka. Spana amesimika kijiti cha kupimia majini na kukipaka tarakimu kubwa nyeupe. Nikamuuliza kwa nini kubwa hivyo. "Ili uzisome kutoka juu, baba. Najua hushuki mtoni." Sikujua kwamba anajua.

Juni 27

Leo nimepata somo, na nitaliandika lote.

Nilikuwa nikisoma barazani aliponiita jikoni. Mezani, juu ya gazeti langu ambalo nilikuwa sijalimaliza, alikuwa ameweka impela mbili.

"Baba, wewe kazi yako ilikuwa kusoma makosa ya watu. Nisomee haya. Hii ni yetu ya mwaka jana. Hii nyingine nimeiazima kwa wachimba mchanga, wanaounyonya mchanga mtoni kwa pampu. Hiyo imeliwa na mchanga wa kweli, hakuna mwenye shaka."

Nikavaa miwani. Ile ya wachimba mchanga ilikuwa imelainika. Kingo zake zilikuwa nyembamba, mifuo ikifuata njia ya maji, chuma kiking'aa kama sarafu iliyopita mikono mingi. Yetu haikuwa na ulaini wowote. Karibu na tundu maji yanapoingilia, nyuma ya kila panga, kulikuwa na vishimo juu ya vishimo, kama mbao iliyokaliwa na dumuzi. Nje ya kidonda hicho chuma kilikuwa kizima, na namba ya kiwandani ilisomeka.

Kiwandani kwetu herufi zilikuwa za madini ya risasi. Herufi iliyochakaa kwa kusuguliwa hulainika mabega. Iliyogongwa hubaki na makovu. Ukizipitisha chini ya kidole zinajitaja zenyewe.

"Hii haikusuguliwa," nikasema. "Imegongwa."

"Rudia hapo."

"Imegongwa. Mara nyingi sana, na kitu kidogo sana."

Akapiga meza kwa kiganja hadi vikombe vikaruka. "Ndivyo ninavyoamini tangu mwaka jana! Ila nikisema mimi, wanasikia mluzi."

"Imegongwa na nini?"

"Na maji, baba."

Nilidhani ananitania. Akaleta bomba la sindano lisilo na sindano, akalivutia maji ya uvuguvugu hadi nusu, akatoa hewa yote, akaliziba mdomo kwa kidole gumba. Kisha akauvuta mpini wake kwa nguvu. Ndani yake maji yakaanza kutoa viputo, yakachemka mbele ya macho yangu, mkononi mwake, pasipo moto. Alipouachia, viputo vikatoweka vyote kwa pamoja, na nikasikia *tik*, kama ukucha juu ya kioo.

"Watu wanadhani pampu inavuta maji kama mtu anavyovuta kamba," akasema. "Maji hayana mkia wa kushika. Pampu inapunguza tu mgandamizo ndani ya bomba, na hewa ya dunia, ile iliyoulalia mto, ndiyo inayoyasukuma yapande. Na hewa nayo ina kikomo cha nguvu zake. Sisi tumeiagiza ipandishe maji kimo cha nyumba mbili, yapite kwenye bomba jembamba, yapinde viwiko vitatu, na kabla ya yote hayo yapenye vyandarua vya katibu. Yanafika mlangoni mwa impela yameishiwa. Mgandamizo ukiisha, maji yanachemka yakiwa baridi. Halafu impela inavitupa vile viputo mbele, kwenye mgandamizo mkubwa, vinajifumba ghafla, na maji yanarukia pale vilipokuwa kama nyundo. Nyundo ndogo, baba. Lakini ni maelfu kwa maelfu, mchana kutwa."

Nikakaa. Kumbe kokoto tunazozisikia hazimo. Na kila chandarua tulichofunga kuiokoa impela kimesaidia kuila. Tumemtibu mgonjwa kwa kumwongezea ugonjwa, tena kwa kura.

Juni 28

Nimemwambia kwamba mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono ile. Akasema, "Niliuona. Ulivyokonda, mkono wako unaonekana kutoka mbali."

Tumecheka wote wawili. Sikumbuki kama tuliwahi.

Julai 2

Mkutano mwingine, safari hii kwenye nyumba ya pampu. Alianza na bomba la sindano. Katibu akalichungulia kwa jicho moja. "Umetia magadi humo."

"Kunywa basi."

Hakunywa. Spana akaiwasha pampu, kokoto zikalia, kisha akaishika valvu ya bomba la kutolea maji na kuifunga robo. Sauti ikapungua. Akaifunga zaidi kidogo, ikakatika kabisa. "Kama ni mchanga," akauliza, "umekwenda wapi? Nimepunguza maji yanayopita, basi. Yakipita machache, yanafika mlangoni yakiwa na nguvu."

"Na mashamba ya mwisho yatapata nini?" akajibu katibu. "Ukimziba mtu mdomo hata kilio cha njaa hutakisikia, lakini njaa ipo palepale."

Lazima niandike kwamba hapo alisema kweli. Spana mwenyewe alikubali. Valvu ilikuwa ya kuthibitisha tu, si ya kuponya. Ili kuponya, akasema, tubadilishe njia ya kuingilia: bomba pana badala ya jembamba, lililonyooka, lisilo na kiwiko karibu na pampu, kichujio kikubwa chenye matundu ya wazi, na pampu yenyewe ishushwe hadi karibu na maji. "Pampu ni hodari wa kusukuma. Tuiache isukume hadi juu, kuvuta tuipunguzie."

Kimya kilichofuata nakifahamu. Ni kimya cha watu wanaosikiliza mvua.

"Mtoni?" akasema mwenyekiti polepole. "Pampu yetu tuipeleke mtoni?"

"Wewe hukuwepo!" akapaza sauti katibu, na safari hii hakuwa akichezea kola. "Wewe umeolewa huku. Hukuona maji yakipanda ngazi kama mgeni anayeijua nyumba. Mimi nilimbeba mama yangu mgongoni. Unatuambia turudi chini?"

Spana alimtazama, kisha akanigeukia mimi.

Sikupanga kusimama. Nilijikuta nimesimama. "Mimi nilikuwepo," nikasema. "Katibu, mama yako nilimshika mkono ulipomtua. Kwa hiyo hukumu ya nani alikuwepo tuiweke kando. Nyumba hii hatukuijenga kwa ajili ya pampu. Tuliijenga kwa ajili ya hofu yetu, na hofu imekaa ndani yake raha mustarehe, huku pampu ikifa kwa kiu. Impela mbili tumekwisha kuzizika."

"Bwana Nukta ameanza," akanong'ona mtu. Ndilo jina langu la utani hapa.

"Na mto ukija?" akauliza mwenyekiti.

"Ukija, pampu itapanda," akasema Spana. "Siijengei nyumba chini. Naiweka kwenye toroli, juu ya reli mbili, na winchi ya kuzungushia kamba huku juu. Mto ukishuka tunaifuata, ukipanda tunaivuta. Itakuwa pampu yenye miguu. Sisi tungekuwa nayo miguu ya namna hiyo siku ile, mngenisimulia mengine."

Alisema *sisi*. Nadhani kila mtu alilisikia.

Mwenyekiti akapitisha mkasi. "Ishuke. Lakini neno langu liko palepale: ikizama au ikiliwa, funguo ni za katibu."

Julai 5

Vyandarua vitatu vimefunguliwa. Pampu inaendeshwa kwa valvu iliyofungwa nusu, ili impela isizidi kuumia. Mashamba ya mwisho yanapata maji kwa zamu. Watu wananuna kwa zamu pia.

Julai 13

Tumekwenda kwa fundi bati, mtani wangu wa miaka mingi, kumwagiza mdomo wa bomba. Spana alimchorea chini kwa chaki: upanuke taratibu kama tarumbeta, usiwe na ukingo mkali.

"Bwana Nukta," akasema fundi, "miaka yote hii una mdomo mkali, leo unakuja kuniagiza mdomo wa duara?"

"Wangu umeshindikana. Tengeneza huu."

"Na kwa nini usiwe bomba tupu, limekatwa tu?"

Spana akamuuliza: "Watu wakitoka ghalani kwa mlango mwembamba wenye kona kali, inakuwaje?"

"Wanasukumana, wanakwama, wanavunjana mbavu."

"Na maji ni watu."

Fundi akakikuna kidevu, akachukua nyundo ya mbao. Amegonga bati lile hadi jua likaanza kuinama, akilizungusha juu ya gogo, akilipapasa ndani kwa kiganja na kulirudia kila alipokuta mkwaruzo. Nimependa kumtazama. Kuna furaha ya pekee kumwona mtu mwenye ukali wote wa ulimi akiwa mpole kiasi kile mikononi.

Julai 19

Reli zimelazwa. Mto umeshuka hadi tarakimu ya nne.

Julai 25

Leo nimemkuta Spana akisoma kitabu changu cha mashairi huku akingoja rangi ikauke. Alama ya grisi ukurasa wa kumi na mbili. Nimeiacha. Ukurasa huo haukuwa na mgeni siku nyingi.

Agosti 3

Siku ya kushusha.

Tulianza asubuhi, jua likiwa bado na adabu. Pampu na injini yake ya dizeli vilifungwa kwenye toroli, na mimi nikapewa breki ya winchi, kazi ya mtu asiyeshuka mtoni. Spana alikaa kando ya reli akipaza amri: "Achia! Shika! Achia kidogo!" Watu wa chama walipanga mstari pande mbili. Wengine walikuja kusaidia na wengine kushuhudia msiba.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha reli ya kushoto ikazama kwenye udongo, toroli ikainama, na uzito wote ukahamia upande wa maji. Nilikaza breki kwa mwili wangu wote. Kamba ikalia. Nikaiona pampu ikianza kugeuka taratibu, kama mtu anayegeuka usingizini, na katika nafsi yangu nikaona tena barabara yenye kurasa.

"Jiwe chini ya gurudumu!" akaita Spana. "Jiwe! Upande wa mtoni!"

Upande wa mtoni hapakuwa na pa kusimama ila majini, na hakuna aliyetaka. Tumezeeka tukiwaambia watoto wasiusogelee mto ule. Ndipo nikamwona katibu akivua viatu. Aliviweka sambamba, nadhifu, akakunja suruali kana kwamba ingesaidia, akaingia hadi kifuani. Akaweka bega chini ya toroli na kunguruma: "Leteni hilo jiwe, mnangoja mwaliko?"

Watu wakaingia. Mmoja, watatu, kisha sikuweza kuwahesabu. Jiwe likapita mkono kwa mkono hadi chini ya gurudumu, toroli ikasimama wima, na Spana akaniinulia mkono: "Achia, baba! Taratibu, kama unageuza ukurasa!"

Nikaachia. Ikashuka hadi mahali pake.

Katibu alipotoka alikuwa akichuruzika maji. Spana alimletea shuka. "Kumbe unajua kuogelea," akamwambia.

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana sikutembea mbali."

Agosti 4

Asubuhi bomba pana limefungwa, fupi na lililonyooka. Kipande kinacholiunganisha na mdomo mwembamba wa pampu kina upande mmoja bapa, na Spana amehakikisha bapa limekaa juu, ili hewa isipate dari ya kujificha. Mdomo wa tarumbeta umezamishwa ndani ya kizimba cha nondo chenye nafasi za wazi. Watu wote ukingoni. Akaiwasha.

Maji yakapanda kwa nguvu ambayo hatujaiona tangu tuinunue, shangwe ikalipuka, mwenyekiti akapiga kigelegele. Kisha, katikati ya kigelegele, *kra-kra-kra*. Zikanyamaza. *Kra-kra.*

Shangwe ikafa vipande vipande. Mtu akasema, "Mchanga," kwa sauti ndogo. Wote wakamgeukia katibu, lakini yeye alikuwa akimtazama Spana kama wengine.

Spana hakuigusa pampu. Alichuchumaa akiyaangalia maji juu ya mdomo wa bomba hadi nikadhani ameshindwa. Kisha akaita: "Baba! Kutoka huko juu unaona nini?"

Nikatazama. Kutoka juu jambo lilikuwa wazi kabisa. "Maji yanazunguka," nikapaza sauti. "Kuna tundu katikati, kama maji ya beseni yakitoka. Linakuja na kupotea!"

"Linapokuja ndipo sauti inapokuja?"

Nikasikiliza, nikaangalia. "Ndiyo! Papo hapo!"

Akasimama akicheka. "Hizi si nyundo. Inakunywa hewa! Mto uko chini, mdomo uko karibu mno na uso wa maji. Nileteeni ubao mpana, unaoelea!"

Hapakuwa na ubao. Kulikuwa na nyumba ya mawe, tupu, na mlango wake mpana wa mbao. Katibu na fundi bati waliung'oa kwenye bawaba, wakaushusha, wakaufunga kamba na kuuelekeza juu ya mdomo wa bomba. Mlango ukatulia juu ya maji. Tundu likakosa pa kuzungukia, likafa.

Pampu ikavuma. Sina neno jingine. Ilivuma kama nyuki walioshiba. Tulingoja kokoto, tukangoja, na zilipokataa kuja hakuna aliyethubutu kushangilia wa kwanza, hadi fundi bati aliposema, "Kwani tumefiwa?"

Agosti 5

Alasiri yenye joto kali. Inavuma.

Agosti 11

Maji yamefika shamba la mwisho kabisa, valvu ikiwa wazi. Mwenye shamba lile, mama mkimya kuliko watu wote hapa, amekuja kusimama mlangoni petu. Alimshika Spana mikono yote miwili, akaondoka.

Agosti 19

Mto umeshuka tena. Toroli imeufuata. Katibu ndiye aliyeshika breki. Mimi nimepewa kazi ya kuangalia maji kutoka juu. Cheo changu kipya ni Jicho.

Agosti 30

Pampu ya wale wa kijiji cha ng'ambo ya mto imenyamaza. Upepo ukivuma kuja kwetu tulikuwa tukizisikia kokoto zao.

Yetu inavuma. Vitunguu vimefika ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Septemba 7

Ngumi ya mtu mzima.

Septemba 16

Majani ya vitunguu yameanza kulala. Sasa havitaki maji, vinataka jua, kwa hiyo leo ndiyo siku ya kuzima. Mwenyekiti aliitisha watu wote, maana neno lake la Juni lilikuwa bado linaning'inia: kama impela imeliwa, imeliwa.

Spana akazima injini. Ukimya ulipoingia niliona watu kadhaa wakishtuka, mmoja akashika kichwa. Kwa miaka yote ukimya huo ulikuwa na maana moja. Ikatuchukua muda kukumbuka kwamba safari hii pampu haikuzimika. Imezimwa.

Kisha akaanza kufungua bolti. Hakupiga mluzi. Akaondoa kifuniko, akaingiza mikono yote miwili, akaitoa impela ikichuruzika maji, na pasipo kuitazama akamkabidhi katibu.

Katibu aliifuta kwa shati lake. Akapitisha kidole nyuma ya panga moja baada ya jingine. Kulikuwa na vile vishimo vichache vya Juni, vya kabla hatujashusha. Alivijua, kwa kuwa tulivichora pamoja siku ya kuhamisha. Alitafuta kipya. Alitafuta kwa haki, kama mtu ambaye angekipata angekisema. Akaigeuza kwenye jua, akaipapasa tena.

"Mama Mwenyekiti," akasema, akiinyanyua impela watu wote waione. "Hamna. Hakuna hata kimoja kilichoongezeka. Funguo zibaki zilipo."

"Funguo za nini?" akauliza Spana. "Mlango mmeutupa mtoni."

Sikuwahi kusikia watu hawa wakicheka namna ile. Tulicheka hadi mwenyekiti akakalia ndoo. Fundi bati alimbeba katibu, katibu akaibeba impela, na ikapita mikononi mwa kila mtu kama mtoto mchanga. Mama yule mkimya aliibusu. Mimi nilipopewa niliisoma polepole kwa kidole, ukurasa mzima, na sikuona la kusahihisha.

Septemba 24

Vitunguu vimeng'olewa. Vimetandazwa kila mahali, hadi kwenye sakafu ya ile nyumba ya mawe, ambayo kumbe inafaa sana kwa kukaushia: iko juu na ina upepo.

Jioni Spana amerudi kutoka ng'ambo. Walimwita akaiangalie pampu yao, na alikwenda na katibu kama mbeba sanduku la spana, kazi aliyojiteua mwenyewe. Katibu alikuwa amewahutubia wenyeji juu ya viputo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Amesema alishuku tangu mwanzo," akaniambia Spana, akivua buti. "Nikamwacha. Aliingia majini, amelipia."

"Na pampu yao?"

"Iko juu ya kilima, baba. Juu kuliko yetu. Vyandarua vinne. Nimewaeleza yote, nimewaonyesha bomba la sindano, wanakubali kwa kichwa lakini miguu inakataa. Wazee wao nao walihamishwa na maji. Wananiuliza mimi nitajuaje."

Akaokota kitabu changu mezani, akakiweka. Nilijua anachotaka kuniomba, na kwamba hataniomba. Njia ya kwenda kule ni kivuko, na mimi sijakanyaga kitu kinachoelea tangu tulipohama.

"Kivuko cha kwanza ni saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa moja asubuhi."

"Basi usifunge mlango kwa kishindo ukiamka. Nitakuwa nimeshaamka."

Alicheka, akaenda kuosha vyombo, na mluzi wake umejaa nyumba nzima ninapoandika haya. Kesho nitasimama mbele ya wazee wenzangu na kuwaambia nani alikuwepo na nani anajua. Nitaanza na jina la kazi yake, fundi mitambo, kisha niseme ni binti yangu.